Mlango Uliomkataa Mtani

Siku tuliyomzika baba, mtani wetu aliiba koti lake mbele ya watu wasiopungua mia mbili, na wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu baadaye wa kunisingizia kwamba nilijua kitu tangu mwanzo. Sikujua. Nilikuwa nimelia siku tatu, macho yamevimba na sauti imekauka, na huyo mama akanichekesha mpaka nikakaa chini kwenye mkeka.

Anaitwa Kunigunda Mbano, Mngoni, miaka sabini na mmoja, fundi cherehani wa sare za shule. Alikuja Iringa akiwa msichana, na tangu hapo hakuna Mhehe wa mtaa wetu aliyezikwa bila yeye kuja kuuvuruga msiba. Ndiyo kazi ya mtani. Wenzake wanalia, yeye anatukana. Wenzake wanamsifu marehemu, yeye anauliza marehemu amekufa na siri ngapi. Anachukua kitu cha marehemu anakimbia nacho, na wafiwa wanamfuata kukikomboa kwa kuku au kwa maneno matamu. Ukimfuata mtani huku unacheka, umeshaanza kupona, hata kama hutaki.

Siku ile aliingia chumbani kwa baba akatoka amevaa koti lake zito la kijivu, kofia yake kichwani, redio yake kwapani. Akatembea kama baba, mguu wa kulia ukiburuza kidogo.

"Mimi Kikoti nimechoka na ninyi," akasema, kwa jina la baba na kwa sauti yake kabisa. "Miaka yote mnanipikia ugali mbichi. Naondoka na redio yangu. Huko niendako nataka taarifa ya habari, sitaki kelele za Wahehe."

Akavuka kizingiti, akashuka barazani, akatoka getini, watu wakimshangilia. Nilikuwa najifuta machozi ili nisimame nimfuate.

Hakuna aliyeliona jicho la mlango likigeuka jekundu. Nani anaangalia juu ya mlango wakati anacheka? Lilihesabu sekunde zake tisa kimyakimya, geti likajifunga nyuma ya Kunigunda, na ile sauti ya upole, niliyosaidia kuichagua mwenyewe, ikasema mbele ya waombolezaji wote:

"Pole kwa msiba, Veridiana. Mwizi ametambuliwa. Mji umearifiwa."

* * *

Inabidi nieleze kazi yangu, na leo siielezi kwa majivuno. Mimi nafundisha macho ya milango.

Miaka minane iliyopita mji wetu ulikuwa umechoka. Wezi walivunja mchana kweupe, wakaja na nondo na mapanga, wakafunga watu kwa waya za pasi. Kwa jirani yetu Mzee Ezekia Chusi walimvunja mguu, kisha wakampiga mkewe kichwani kwa sababu alichelewa kuonyesha funguo. Mama yule aliishi wiki tatu. Mwaka uliofuata macho yakaletwa, na hakuna aliyeuliza maswali mengi. Mimi niliomba kazi siku ileile tangazo lilipotoka.

Jicho lenyewe si kitu kikubwa, linatosha kwenye kiganja. Tuliyafunga yote pale mkono wa mtu mzima unapofika, ili yafutwe vumbi. Nguvu yake iko kwenye duara. Kila nyumba inamwambia jirani ilichokiona, jirani anampasha jirani yake, na kabla hujamaliza kupiga chafya mji mzima umejua. Mwenye alama ya mwizi hafunguliwi mlango wowote, uwe wa nyumba, wa duka au wa zahanati. Hapigwi. Hachomwi moto na wananchi wenye hasira kama zamani. Anaachwa nje, basi. Tulilitangaza jambo hilo kwa fahari, kwamba tumepata ulinzi usiomwaga damu.

Mwanzoni mwenye nyumba aliweza kuifuta alama kwa neno lake. Wezi wakagundua. Wakawa wanamvizia mtu shambani, wanamwekea panga shingoni, wanamwambia, "Sema umenisamehe." Watu kumi na mmoja walisamehe kwa mtindo huo, na mmoja wao hakurudi nyumbani. Tukaondoa msamaha. Likabaki jambo moja tu, kwamba ushahidi ni mali ya nyumba. Nyumba ikijitoa kwenye duara, inaondoka na kila ilichowahi kushuhudia, na hairudi tena kabla ya miaka kumi.

Zile sekunde tisa tuliziweka kwa ajili ya hitilafu. Mwenye nyumba akiliziba jicho kwa kiganja kabla hazijaisha, alama haigandi. Lakini tuliogopa wenye nyumba watakaokula njama na wezi, kwa hiyo jicho lililozibwa na mwenyewe nalo hutolewa kwenye duara. Katika miaka saba sikuwahi kusikia mtu aliyefanya hivyo.

Kazi yangu ilikuwa kuyafundisha macho kumtofautisha mwizi na mtu anayehama. Nilikaa miezi minne nikiorodhesha. Nani hutoka na kitanda cha mwenzake? Nani hutoka na masufuria manane? Niliandika waazimaji wa vyombo vya harusi, mafundi wa friji, madobi, wajomba wanaokuja kuchukua mbuzi wao. Nilipofika kwenye misiba nikaandika kwamba asiye wa nyumba akitoka na nguo ya marehemu siku ya maziko, huyo ni mwizi. Na ilikuwa kweli. Wezi walikuwa wanakuja misibani, wanalia kuliko wafiwa, wanaondoka na viatu na simu.

Niliandika hivyo mimi, Mhehe, niliyezaliwa nikatukanwa na watani kabla sijabatizwa. Mtani hakunijia akilini hata kidogo. Tulipotafuta wezi tuliwafikiria wageni, na tulipotafuta wasio wezi tuliwafikiria wageni wenye sababu. Mtani si mgeni. Kwa hiyo sikumwandika popote.

* * *

Nilimkuta Kunigunda mlangoni kwa Mzee Chusi. Amepanga chumba humo mwaka wa kumi na tisa sasa. Alikuwa amesimama na redio kwapani anautazama mlango uliofungwa.

"Mwanangu, mlango wa mtani wangu umekuwa Mhehe kweli," akasema. "Umenuna."

"Mama, tulia kwanza. Nitaurekebisha."

Nikalisogelea jicho, nikajitaja jina na namba yangu ya kazi. Nikasema koti lile nilimpa mimi kwa hiari yangu.

"Ahsante, Veridiana," jicho likajibu. "Mwenye nyumba hafuti alama."

"Si kufuta. Nasema hakuna wizi uliotokea."

"Wenye nyumba walioshikiwa panga walisema hivyohivyo. Je, uko salama? Je, niite msaada?"

Maneno yale niliyaandika mimi pia. Nilisimama pale nikazungumzishwa na kichwa changu cha miaka saba iliyopita, na kilikuwa kichwa cha mtu mwenye hofu.

Siku ile tulizunguka. Mlango wa duka la unga haukufunguka. Zahanati yetu ina milango miwili, na yote ilibaki imefungwa, mpimaji akitutazama kupitia kioo na kuinua mabega. Watu waliotushangilia asubuhi walitupisha njia mchana, hawajui waangalie wapi. Mbele ya kila mlango Kunigunda alitania, lakini utani ulizidi kuwa mfupi, na tulipofika stendi akawa anatembea kimya.

Jioni tukarudi nyumbani kwetu. Turubai la msiba lilikuwa bado limesimama nje ya geti, na magogo ya moto wa msiba yanafuka. Kunigunda akaketi pale.

"Hapa hapana mlango," akasema. "Nitakaa hapa."

"Vua koti basi, nikupe blanketi."

"Umelikomboa?"

"Mama, haya si mambo ya—"

"Hujalikomboa, silivui. Kazi yangu sijaimaliza, na ninyi mmeshindwa kunifuata hata getini."

Ilikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Iringa anaujua mwezi wa saba na baridi yake.

* * *

Siku ya tatu Mzee Chusi aliniita barazani kwake. Ndiye mkuu wa duara la mtaa wetu. Tangu mkewe afe hatoki nje ya baraza ile ila kwenda kanisani na kuzika. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti.

"Nimemtolea dawa zake na mablanketi," akasema. "Mlango haukuninyima, vitu vimo ndani mwangu. Vidonge vya presha vimebaki sita."

"Na zahanati haitoi vingine bila kumpima."

"Najua." Akanyoosha ule mguu mbovu. "Na mimi nilicheka siku ile, Veridiana. Usidhani sikucheka."

"Basi mfungulie, Mzee."

"Siufungui mimi. Unajifungua na kujifunga wenyewe. Ndiyo maana napata usingizi."

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa hati ya toba. Mwenye alama akisaini kwamba aliiba, akaeleza aliiba nini na kwa nini, anapewa utepe wa njano wa kuvaa mkononi siku tisini, na milango inamfungulia kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Baada ya siku hizo anaangaliwa upya.

"Ni karatasi tu," akasema. "Mama wa watu atapimwa presha. Mpelekee, wewe atakusikiliza."

Nikaichukua. Sitajitetea. Niliona njia ambayo hainigharimu kitu, nikaishika kwa mikono miwili.

* * *

Kunigunda aliisoma taratibu, miwani imeshuka puani, koti la baba limemmeza mpaka magotini.

"Wameandika vizuri," akasema. "Hapa wanasema niliiba kwa tamaa. Tamaa ya redio ya baba yako, ambayo imeharibika tangu mwaka juzi na haishiki stesheni hata moja."

"Mama, saini tu. Watu wote wanajua ukweli."

"Wanajua?" Akaniangalia juu ya miwani. "Wapo wapi?"

Nikageuka kutazama. Mtaa ulikuwa mweupe, wote wamo ndani, milango imefungwa vizuri kama nilivyoifundisha.

"Alipokufa mama Chusi," akasema, "huyu mzee alikaa siku mbili hajafungua mdomo. Hali, hanywi. Wanawe wakaanza kumwogopa. Mimi nikaingia jikoni nikavaa aproni ya marehemu, nikachukua mwiko wake, nikatoka nao mpaka barabarani namgombeza mumewe kwa sauti ya mkewe. 'Ezekia, umeacha tena viatu mlangoni. Ezekia, kuku wameingia ndani, wewe unaangalia nini?' Akanifuata kwa mguu ule wenye plasta mpaka pale kwenye kona, analia na kucheka pamoja, ananiomba aproni. Siku hiyo ndiyo alikula."

Akaikunja karatasi mara nne.

"Nikisaini kwamba juzi nilikuwa mwizi, na siku ile nilikuwa mwizi. Miaka hamsini nzima nilikuwa naiba kwenye misiba yenu. Mwambie Chusi nimekataa. Kulala nje naweza, nimelala nje vitani kwenu babu zetu walipowachapa."

"Walitukimbia," nikasema, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu.

"Haya, angalau wewe bado unajibu," akasema, na akaitia karatasi kwenye moto wa msiba.

Niliona aibu, na nilikasirika, kwanza na yeye kwa ubishi wake, halafu na Chusi, halafu na mlango. Hasira ilipofika kwangu ilikaa. Nilipokuwa nampelekea uji asubuhi ya siku ya tano, mvuke ukitoka kwenye bakuli na vidole vyake vimekakamaa hashiki kijiko, nikajiuliza kitu ambacho kwa miaka saba sikuwahi kujiuliza hata siku moja. Wale wengine wote tuliowaacha nje, wanalala wapi?

* * *

Ijumaa nilikwenda kumwambia Mzee Chusi kwamba kesho, siku ya kuanua matanga, naitoa nyumba yangu kwenye duara. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Ukijitoa, ukuta wangu wa mashariki unabaki hauna anayeuangalia," akasema.

"Najua. Ramani niliichora mimi."

"Na nyumba yako ilishuhudia wezi watatu wa kweli. Ushahidi ukiondoka, nao wanafunguliwa. Yule wa nondo unamkumbuka?"

"Namkumbuka. Alisimama dirishani kwangu, nikamwona meno."

"Unataka huyo afunguliwe milango ya mji huu, watoto wa watu wakiwa ndani?"

Hapo ndipo palikuwa na uzito wote, na sikutaka kumdanganya mzee aliyezika mke. "Sitaki," nikasema. "Simhurumii hata kidogo. Lakini wakimkamata akiiba tena wamshtaki, ahukumiwe, ajue amefungwa miaka mingapi na anatoka lini. Sisi tulimhukumu kwa sekunde tisa na hatukumwambia mwisho ni lini. Mzee, mimi nilikuwepo tulipoamua hivyo. Hatukubishana hata dakika kumi, tulikuwa na njaa."

"Mke wangu hakupewa hata hizo sekunde tisa."

"Ndiyo, Mzee."

Kuku wake walikuwa wanaparua chini ya baraza.

"Wakija," akasema mwishowe, "utafanya nini, mwanamke peke yako?"

"Nimenunua komeo la chuma na mbwa wawili. Na nitapiga yowe, kama bibi zetu walivyopiga kabla ya macho. Yowe halikuwa kazi ya mwenye nyumba peke yake, unakumbuka? Lilikuwa kazi ya jirani kutoka." Nikasimama. "Wewe utatoka?"

Aliangalia mguu wake. Nikaaga.

* * *

Jumamosi saa nne asubuhi, watu wameshajaa kwa ajili ya kuanua matanga, nilipanda kigoda na spana mkononi.

"Veridiana," jicho likasema, "ukiendelea, nyumba hii itabaki bila ulinzi. Alama nne zitafutwa. Tatu kati yake ni za wizi wa kuvunja."

"Na ya nne?"

"Zote nne zimethibitishwa."

"Ndiyo maana nakutoa," nikasema.

Nati ya kwanza ilikuwa imeshika kutu. Watu chini yangu walikuwa wananong'ona. Shangazi yangu mmoja aliondoka kabla sijamaliza, akamwambia kila aliyekutana naye kwamba nimechanganyikiwa kwa msiba, na simlaumu, ana wajukuu. Vijana wawili wa nyumba ya pili walinisihi nisubiri mpaka wazazi wao warudi safari. Nilimfikiria yule mwenye nondo akisimama mahali fulani mbele ya mlango, na mlango unafunguka, naye haelewi kwa nini. Nati ya nne ilipotoka nikaling'oa jicho na nyaya zake. Lilikuwa bado lina joto.

Kunigunda alikuwa amesimama nje ya geti. Geti lilikuwa wazi.

"Hodi," akaita.

Nilikuwa sijalijibu neno lile kwa mdomo wangu tangu macho yaletwe. Milango ndiyo iliyokuwa inajibu. "Karibu, mtani," nikasema, nikashuka kigodani.

Akaingia, na hakunihurumia. Alifagia majivu ya moto wa msiba huku anatangaza kwamba Wahehe tumeshindwa vita na watu, sasa tunapigana na vitasa. Akauliza kama baba alikufa kwa maradhi au kwa aibu ya kuzaa fundi wa milango. Watu walianza kucheka kwa woga, wakitupia macho lile tundu juu ya fremu, na walipoona tundu ni tundu tu, wakacheka sawasawa. Nikamfukuza mpaka barabarani na kurudi, nikamkomboa koti kwa jogoo mwekundu na kwa kukiri hadharani kwamba babu zake waliwahi kutushinda mara moja, mara moja tu, tena mvua ilikuwa inanyesha. Akalivua koti, akalikung'uta, akanivisha. Msiba wa baba ukaisha hapo, na niliuhisi ukiisha.

* * *

Ilibaki kwenda kumrudisha nyumbani. Tulikuwa kama watu ishirini, yeye mbele na jogoo kwapani. Duka la unga lilimfungukia alipopita bila hata yeye kuligeukia. Tulipofika kwa Mzee Chusi, mlango ulijisogeza pembeni kabla hajaukaribia.

"Karibu nyumbani, Kunigunda," sauti ikasema. "Samahani kwa usumbufu."

Kunigunda akasimama. Akamkabidhi mtu jogoo, akaketi kwenye ngazi ya chini ya baraza, akakunja mikono.

"Ingia, mama," nikamwambia. "Umefunguliwa."

"Mimi sikaribishwi na mlango. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mama, vidonge vimekwisha. Tuchukue vitu vyako, twende zahanati."

"Zahanati haihami. Mwiteni mwenyewe."

Alitokea taratibu, fimbo mkononi, kofia yake ya kanisani kichwani. Alikuwa amevaa kama mtu aliyetaka kuja matangani akaghairi mlangoni. Akasimama chini ya jicho lake.

"Karibu ndani, mama Mbano," akasema. Hakumwangalia usoni.

Kunigunda akanyanyuka akipapasa goti, akapanda ngazi moja, ya pili, ya tatu. Wakawa wamesimama uso kwa uso. Nilidhani atampa mkono. Badala yake akainua mkono akamvua kofia, akaivaa yeye, akageuka na kuanza kushuka.

"Mama, hapana," nikasema. "Mama, rudisha."

Hakugeuka. "Nyumba itakayonishtaki kwa kofia ya mtani wangu silali ndani yake hata siku moja," akasema. "Bora nijue leo."

Jicho likawa jekundu. Safari hii kila mtu aliliona, na hakuna aliyecheka. Nikaanza kuhesabu, siwezi kuona rangi ile nisihesabu. Moja. Mbili. Kunigunda alikuwa anaelekea getini bila haraka, kofia imemkaa upande, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko wakati wowote wiki ile. Tatu. Nyumba ile si yangu, nisingeweza kufanya lolote. Nne. Mzee Chusi alikuwa anamtazama akienda. Midomo yake ilicheza, na nikafikiri anataka kumwita, lakini kumwita kusingesaidia kitu na alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Tano. Akaangalia ukuta wa mashariki, upande wa kwangu ambako sasa hapakuwa na anayeangalia. Sita. Fimbo ikamdondoka. Ikagonga sakafu, ikabiringika ngazi zote tatu mpaka chini, na mzee akajiegemeza kwenye fremu kwa mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia juu, akaliziba jicho kwa kiganja.

"Ezekia," sauti ikasema kwa upole chini ya mkono wake, "ondoa mkono. Nyumba yako itabaki bila ulinzi. Je, uko salama? Je, niite msaada?"

"Huyu ni mtani wangu," akasema.

"Ezekia, ondoa mkono."

Hakuuondoa. Mguu mbovu ulianza kutetemeka, nikapanda ngazi kwenda kumshika, akanikataza kwa kichwa. Wekundu ulionekana katikati ya vidole vyake, ukafifia, ukazimika. Sauti haikusema tena. Yeye aliendelea kuziba, labda hakuamini, labda alikuwa bado anaamua, mpaka Kunigunda alipofika getini na kugeuka.

Ndipo Mzee Chusi akashusha mkono, akaufuta kwenye suruali. Akashuka ngazi zile bila fimbo, moja moja, akaanza kumfuata barabarani, mchana, mbele ya nyumba zote.

"Kofia yangu, mama," akaita. "Unataka kuku au unataka maneno?"

"Kuku ninaye," Kunigunda akajibu, akiongeza mwendo. "Leta maneno."